Salamu Maria Nne kwa Dakika Moja

Tulimuzika Mama Stefania siku ya Alhamisi, hapa Bweremana, kwenyi udongo mweusi wa juu ya ziwa. Padri alipomaliza, wote wakageuka kuniangalia. "Mama Feza, weye njo mwana wake wa kazi. Sema neno." Nikasimama. Nikasema: "Huyu mama alinifundisha kazi." Nikaketi. Wantu wakazani machozi yamenikaba, na dada mumoja akanipapasa mugongo, pole mama, pole sana. Hayakuwa machozi. Yalikuwa maneno mengine, na mbele ya kaburi ambalo halijafunikwa yangekuwa aibu kwa sisi wote, basi nikayameza nikarudi nayo nyumbani. Sasa ninayaandika. Nilisoma mpaka ya tano primeri tu. Anayetaka kucheka maandishi yangu, acheke. Na nitataja majina. Siku hizi kila muntu anasema "vita ilituharibia", kama vile vita ilikuwa mvua. Walioniharibia walikuwa wantu, walikuwa na majina, na mumoja wao angali anakula vizuri na kulala vizuri kule Goma.

Habari za baba na mama, na namna nilivyofika kwenyi kituo kile cha afya, ninaacha. Ninataka mwaka mumoja tu, ule niliofikisha miaka kumi na tisa. Kituo kilikuwa upande wa Buleusa, pale barabara inachoka na musitu wa Walikale unaanza kweli. Jina lake siandiki, juu kilichomwa na hakuna aliyekijenga tena. Kulikuwa maternite, nyumba ya kuzalia, yenye vitanda vitano, vine vya chuma na kimoja cha mbao ambacho akina mama walikikataa juu kililia kila ukigeuka. Nyuma ya maternite kulikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, meza moja, na jiko la makala, na mule njo tulipika, tulikula, tulichemusha makasi na nyuzi. Tulikuwa na sufuria mbili zinazofanana. Ile ya makasi Mama Stefania aliifunga kitambaa chekundu kwenyi mukono, toka siku bibi ya titulere, yule mukubwa wa kituo, alipoichukua akapikia maharagi. Hata sasa nikifumba macho ninasikia harufu ya kile chumba: klore ya kusafishia, moshi, na majani ya sombe yaliyotiwa mawese. Nimekaa kwenyi nyumba nyingi toka wakati ule, zingine zilikuwa na sementi na bati mupya. Hakuna ambayo niliipenda hivyo.

Mama Stefania alikuwa muzalishaji. Alikuwa munene, mukali, na sauti yake ilifika mpaka kwenyi shamba za mihogo. Mimi nilikuwa wa kufagia. Lakini mufagiaji wa maternite haendi mbali na kitanda, na siku moja akina mama wawili waliposhikwa na uchungu mara moja, alinipigia kelele: "Weye, acha hiyo fagio, osha mikono, kuja!" Toka siku ile nilikuwa na kazi mbili. Asubui nilifagia, muchana nilipokea watoto. Alinifundisha kwa kunisukuma kiwiko na kwa matusi madogo madogo. "Unashika mutoto kama muntu anashika samaki! Shika kichwa!" Ao: "Usivute. Nani alikutuma uvute? Kitovu haina haraka." Kwenyi rejistre jina langu halikuandikwa. Mufagiaji hasainishi. Watoto wote walikuwa wa Stefania, na wakati mukubwa wa zoni ya afya alipopita kuangalia, walikuwa wa titulere.

Titulere, ule muganga mwenye kuongoza kituo, aliitwa Anselme Kabuyaya. Ninaandika jina lote. Alikuwa na saa ya mukono, ya chuma, yenye kamukono kadogo ka kuhesabu sekunde, na kwenyi kituo chote saa ilikuwa ile moja. Aliivaa juu ya mukono wa koti ili ionekane. Sasa, kupima mapigo ya damu ya mugonjwa kunataka dakika, na Anselme alikuwa mara shambani kwake, mara kwenyi pombe. Basi Mama Stefania alikuwa na njia yake. Alishika mugonjwa mukono, akafunga macho, akasali Salamu Maria nne za pole pole, na Amina ya mwisho ya kuvuta. Ile njo dakika moja. Siku Anselme alipokubali kusimama hapo na saa yake, walipima pamoja, na hawakupishana hata mapigo mawili. Alinifundisha mpaka nikajua pumzi inakaa wapi kwenyi "tunda la tumbo lako". Wamama wa Kiprotestanti walilalamika. Mumoja, bibi ya muwindaji wa kule ndani, alivuta mukono wake akasema: "Mama, mbona unaniombea hivi? Ninakufa?" Mama Stefania akamujibu bila kufungua macho: "Nyamaza, umenipotezea. Sasa nitaanza tena, na weye utaombewa mara mbili."

Hivi njo tulikuwa wakati gazeti lilifika. Papa Kambale, muchuuzi wa Butembo mwenye kamiyo, ile lori, alituletea vitu wakati njia ilikuwa wazi: chumvi, sabuni, samaki ya chumvi tunayoita makayabo, na muzigo wa dawa wa zoni kama ulikuwapo. Siku ile alishuka na bahasha moja tu mukononi. "Dawa haiko," akasema. "Lakini mumeletewa habari za kazi yenu. Mugonjwa akikuja, mumusomee." Lilikuwa gazeti la waganga, karatasi sita zilizopigwa pini, kwa Kifaransa, na lilizunguka miezi mingi mbele ya kutufikia. Mama Stefania alilichukua kama mukate. Jioni ile, jua lingali juu ya migomba, tulikula bugali na mboga ya lengalenga, akaegemeza gazeti kwenyi sufuria ya makasi, akaanza kutafsiri. Nani amepanda cheo. Nani ameenda pension. Kule Goma wanatafuta muganga wa meno. Na kulikuwa ukurasa wa mashauri kwa waganga vijana: namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, namna ya kuingia kwenyi ofisi ya mukubwa, usiketi mbele ya kuambiwa, viatu viwe vimepigwa rangi. Tuliangalia miguu yetu. Mimi nilikuwa na kandambili za rangi mbili, yeye buti ya mupira. "Rangi gani tutapiga hapa?" akauliza, na tulicheka mpaka mama mumoja kwenyi kitanda cha mbao akauliza kama kuna harusi.

Kisha akasoma, akasoma tena ndani ya roho, midomo ikitembea. "Feza. Sikiliza hii." Kulifunguliwa shule ya wasaidizi wa waganga, Goma, mwaka mumoja. Si lazima diploma. Anayejua kusoma na kuandika, na amefanya kazi ya maternite miaka miwili, aende kwenyi ekzamen kule Masisi, kwenyi darasa la shule moja, na barua ya titulere. Nilikuwa na miaka miwili na miezi minne ya kazi ile. Mpaka leo sijui kueleza furaha ile kwa muntu ambaye kila siku ameitwa kwa jina lake. Kuna wagonjwa waliniita "ule wa fagio" huku damu yao ingali kwenyi mikono yangu. Nilijiona nimevaa blouse nyeupe ya waganga, nimesainisha kwenyi rejistre, Feza, kwa herufi kubwa. "Soma yote, mama," nikasema. "Wanasema watauliza nini?" Akasoma: kuosha mikono, majina ya viungo, imla fupi, kupima mugonjwa. Akakunja gazeti akaliweka ndani ya kitambaa chake cha kiuno. "Yote hiyo unajua," akasema.

Anselme alitoa barua baada ya kunifagilisha ua wake wiki tatu. Lakini bibi yake alikuwa na mudogo, Joséphine, ambaye alikaa kwenyi kituo miezi mine akipanga fishi, zile kadi za chanjo, na barua yake iliandikwa siku moja na yangu, nayo ilisema miaka miwili. Niliiona. Nilimuomba Anselme jambo moja tu: anipe saa yake nusu siku, nijifunze, juu kwenyi Masisi pengine watataka. Aliangalia mukono wake, kisha mimi. "Hii saa ni ya titulere," akasema. "Ya mufagiaji ni jogoo." Bibi yake akacheka. Mama Stefania aliposikia akanambia: "Achana naye. Salamu Maria ilikushinda wapi?" Nami nikamuamini, juu nilimuamini yeye kuliko saa yote ya dunia.

Tulikwenda Masisi kwa miguu siku mbili, Joséphine na mimi, pamoja na wachuuzi wa ndizi, juu Kapteni Mapasa, mukubwa wa wantu wa bunduki wa musitu, alikuwa amekata barabara na hata kamiyo ya Papa Kambale haikupita tena. Huyo Mapasa ninamutaja pia, hata kama ni jina alilojipa mwenyewe. Kwenyi vizuizi vyake tulivua viatu, tulifungua vitambaa, tulijibu maswali ya ujinga. Joséphine alificha kitu ndani ya nywele zake. Sikujua ni nini mpaka tulipoingia kwenyi darasa, tukiwa kumi na wawili, na akakitoa: saa ya Anselme. Mwenye kuuliza alikuwa daktari muzee, mupole, mwenye koti lililopauka. Imla nilifanya vizuri. Viungo nilitaja vyote. Nilipoosha mikono aliwaambia wengine: "Angalieni namna huyu anaosha." Nilisikia masikio yangu yanawaka. Kisha akatuletea muzee mumoja wa kijiji aliyekubali kupimwa, akaweka saa yake mwenyewe juu ya meza, akasema: "Mapigo ya dakika moja."

Saa ile ilikuwa pale, mbele ya macho yangu. Nilikuwa sijui kuisoma. Nilifunga macho, nikashika mukono wa yule muzee, nikaanza. Lakini muntu mwenye woga hasali kama muntu aliyetulia. Nilikimbia. Nilikula maneno. Nilifika Amina ya nne wakati kamukono kadogo hakajamaliza hata nusu na robo, nikafungua macho nikasema: "Makumi tano na mbili."

"Makumi tano na mbili," daktari akarudia. Akaangalia muzee. "Papa, weye uko mugonjwa?"

"Miye? Hapana. Nilikuja kuuza kuku."

"Binti, mbona midomo yako ilikuwa inatembea?"

Sikujua kudanganya. Nikamuambia: kwetu ni Salamu Maria nne. Darasa lote likapasuka. Hata yule wa kuku alicheka, akanipiga bega, eti nimemubariki. Joséphine akapima baada yangu, na saa: makumi nane na moja. Ilikuwa sawa. Simulaumu sana Joséphine. Alikuwa na saa. Daktari hakucheka. Alinivuta pembeni, karibu na dirisha, akasema kwa sauti ya chini: "Mikono yako ni ya muganga. Lakini tuliandika wazi ndani ya gazeti: kila muntu ajue kusoma saa na kuhesabu sekunde, bila hiyo hapokelewi. Mustari muzima tuliandika. Haukusoma?" Nikamujibu: "Mama alinisomea yote." "Basi rudi mwaka kesho," akasema. Mwaka kesho. Njo vile wantu wa muji walikuwa wanasema wakati ule, kama vile mwaka kesho ulikuwa duka la pili kwenyi barabara ileile.

Joséphine alipokelewa, akaendelea Goma. Mimi nilirudi na wachuuzi. Njia yote ule mustari ulikuwa unaniuma. Mama Stefania alinisikia nikiwa mbali, akatoka na mwiko mukononi, na uso wake, sitasahau, uso wake ulikuwa wa furaha mbele sijafungua kinywa. Alikuwa amenipikia makayabo ya mwisho ya kituo, na nyanya, na ndizi ya kuchemusha. "Kula, mwanangu. Goma iko na nini? Goma iko na vumbi na mawe ya moto." Nikauliza: "Mama, lile gazeti liko wapi?" Akasema panya walilikula. Nikala. Makayabo ilikuwa tamu, na mimi ninaona haya mpaka leo namna ilikuwa tamu.

Tulikaa hivyo siku kumi, kumi na moja. Nilifagia, nilipokea watoto, tuliimba. Kama ningeweza kukata kipande cha maisha nikakirudia, ningekata zile siku, pamoja na uongo uliokuwa ndani yake. Kisha Anselme Kabuyaya akapakia bibi yake kwenyi moto, ile pikipiki ya kituo, na sanduku la chanjo, akasema anaenda kwenyi mukutano wa zoni. Kulikuwa hakuna mukutano. Mapasa alikuwa amemutumia habari kwamba anakuja, na Anselme hakumuambia hata muntu mumoja. Alituacha na akina mama watatu kwenyi vitanda. Ninaandika jina lake lote mara ya pili, ili lisomeke vizuri kule Goma anapolala vizuri.

Wantu wa Mapasa walikuja Jumatatu saa ine ya asubui, Mama Sifa, mumoja wa wale watatu, akiwa ametoka kuzaa nusu saa mbele. Tulisikia risasi upande wa soko. Wale wawili wengine walikimbia na ndugu zao. Mimi nilichukua mutoto wa Mama Sifa, Mama Stefania akamushika mama, tukatoka kwa nyuma, na pale kwenyi mufereji wa maji machafu Mama Stefania aliteleza akavunjika kifundo cha muguu. Nilisikia mufupa. Nikamurudishia Mama Sifa mutoto wake, nikamupakia Stefania mugongoni, na mwili wake ule, tukaingia ndani ya musitu. Nyuma yetu moshi ulianza kupanda. Tulitembea mpaka jua lilipofika katikati.

"Feza," akanisemea kwenyi sikio.

"Nyamaza, mama. Watatusikia."

"Lile gazeti. Panya haikulikula."

Niliendelea kutembea.

"Kulikuwa mustari wa saa. Niliuona. Niliuruka."

"Juu ya nini?"

"Ukienda Goma haurudi. Miye ningebaki na nani kwenyi kile chumba? Na Anselme?" Alikuwa analia, machozi yake yaliingia kwenyi shingo yangu. "Na tena, kale kamukono kadogo, hata miye sijui kukasoma. Miaka makumi mbili ninazalisha. Ningekuambia aje, mutoto wangu, kwamba miye sijui?"

Nilimushusha. Sikumutupa, nilimuweka chini, kwenyi muzizi wa muti mukubwa, nikaenda. Nilitembea mbele bila kuangalia nyuma mpaka sikusikia tena sauti yake. Wantu wakisikia hii habari, kama ningeisema juu ya kaburi, wangetaka kusikia kwamba huruma ilinirudisha. Haikuwa huruma. Nilikuwa na hasira ya kunivusha musitu wote wa Walikale. Lililonirudisha ni Mama Sifa, aliyekuwa ananifuata nyuma na mutoto wake, akaniita: "Dada! Dada wa fagio! Ninatoka damu!" Damu ilikuwa inashuka mpaka kwenyi visigino vyake, nyingi, na rangi ile ambayo mimi nilikuwa bado sijaiona. Sikujua la kufanya. Kulikuwa muntu mumoja tu ndani ya ule musitu aliyejua, na nilikuwa nimemuacha kwenyi muzizi.

Nilimurudisha Mama Sifa mpaka kwenyi ule muti, nusu nikimubeba. Mama Stefania hakusema pole, hakusema asante. Alishaona damu. "Mulaze hapa. Akojoe kwanza. Weka mutoto kwenyi ziwa, anyonye, hata kama analala muamushe. Sasa leta mukono wako. Hapa, chini ya kitovu. Unasikia? Iko laini kama bugali ya maji. Sugua. Nguvu! Mukono wako iko na kazi gani ingine leo? Sugua!" Nikasugua. Alikuwa ameegemea muti, muguu wake umeshavimba kama muhogo, jasho inatoka, na hakuacha kunitukana mpaka nilisikia tumbo linakazana chini ya vidole vyangu, gumu, dogo, kama ngumi ya mutoto. Damu ikapunguka, ikasimama. "Njo hiyo," akasema. "Hiyo usisahau." Sijaisahau. Nimewaokoa wamama kwa hiyo, bila diploma, bila jina kwenyi rejistre yoyote, mpaka hapa Bweremana.

Kule Goma, Jumatatu ile ile, shule ilifungua mulango. Nilijua, juu daktari alikuwa ameandika siku kwenyi ubao. Tulikaa kidogo, mpaka Mama Sifa akaweza kusimama. Mama Stefania hakuniomba nimubebe. Aliangalia mikono yake tu. Kwa mbali risasi zilikuwa bado. Nikaenda mbele yake, nikamugeuzia mugongo, nikachutama, na nikangoja mpaka nilisikia mikono yake inashika mabega yangu.

"Miye niko muzito?" akauliza.

"Uko muzito," nikasema, na nikasimama.